Geti Bila Ukuta: Fildi, Propati na Kilo 26 za Zabibu

Mzee aliingia na kauntabuku kwapani. Akakataa kiti, akakataa na chai. Nikamwamkia kwa Kigogo changu cha kuokoteza, "Mbukwenyi", akaitikia bila kunitazama, akafungua ukurasa uliokunjwa pembe. Kreti 14. Uzito ghafi kilo 308. Kreti tupu moja kilo 2. Zabibu zenyewe kilo 280. Hesabu ilikuwa imeandikwa kwa peni ya bluu na jibu limepigiwa mistari miwili chini. Halafu akatoa risiti ya mashine yetu. Kilo 254.

"Mwanangu," akasema, "kompyuta sijasoma. Ila kutoa najua. Kilo ishirini na sita zimekwenda wapi?"

Tulikuwa kwenye kituo cha kupokelea zabibu, upande wa Hombolo. Chama cha wakulima chenyewe sitakitaja, hakina kosa. Programu ya mizani niliiandika mimi pamoja na kijana mmoja, na sehemu aliyoiandika yeye niliikagua mimi nikasema iko sawa. Kwa hiyo mzee alikuwa amekuja kwa mtu mwenyewe.

Asiyeijua zabibu ya Dodoma anaweza kuona kilo 26 ni jambo la kumalizwa kwa pole na soda. Zabibu huku inavunwa mara mbili kwa mwaka, na ikishakatwa haisubiri: kreti ikikaa kwenye foleni mpaka jua la saa sita, uzito unapungua mkulima akiangalia. Ndiyo maana wanakuja alfajiri, na ndiyo maana kila mmoja anazijua kilo zake kabla hajafika mizani. Ukimwambia "mashine imesema hivi", umemwambia kwamba yeye ni mwongo.

Usiku ule nilifungua msimbo, yaani maandishi ya programu, na nilichokikuta ndicho kinachonifanya niandike makala haya, kwa sababu kwa sheria zote tulizofundishwa, msimbo ule ulikuwa msafi.

Niwaeleze kidogo wasioishi na mambo haya. Katika uandishi wa programu wa mtindo wa objekti, unatengeneza klasi, kama ramani ya nyumba, na kutokana na ramani hiyo unajenga objekti nyingi upendavyo. Kila mzigo wa zabibu unaopimwa ni objekti moja ya klasi iitwayo Mzigo. Ndani yake kuna fildi, vile vyumba vya kuwekea thamani: uzito ghafi, idadi ya kreti, jina la mkulima. Fildi inaweza kuwa ya wazi, yeyote aichukue na kuibadili, au ikawa praiveti, isiguswe ila na msimbo ulio ndani ya klasi hiyohiyo. Propati ni kitu cha tatu. Kwa nje inaonekana kama fildi, unaisoma na kuiandika kwa alama ileile ya usawa, lakini nyuma yake kuna vipande viwili vya msimbo: geta, inayojibu ukisoma, na seta, inayopokea ukiandika.

Sisi Watanzania tuna bahati na neno la kwanza, maana geta na geti ni ndugu wa sauti na karibu wa kazi: geti ndipo unapobisha hodi, na aliyeko ndani anaweza kusema karibu, au subiri kidogo, au mwenye nyumba hayupo. Neno la pili ni la kuchekesha zaidi. Kuseta, kwa Kiswahili cha kale, ni kuponda. Mtu wa zabibu atanielewa.

Sasa swali ambalo vijana wa hapa mjini wananiuliza kila wakati, na wanaulizwa nalo kwenye usaili: nitumie fildi praiveti au propati? Wanauliza kama mtu anayeuliza avae viatu gani, na wanategemea jibu la neno moja. Jibu la neno moja lipo na wamelikariri: propati. Fildi za wazi ni dhambi, propati ni ustaarabu. Kijana wangu alikuwa amelikariri pia. Klasi ya Mzigo haikuwa na fildi ya wazi hata moja. UzitoGhafi ilikuwa propati, IdadiKreti propati, UzitoHalisi propati, na kila moja ilikuwa na geta na seta zilizofunguliwa kwa ulimwengu mzima.

Hitilafu ilikuwa hivi. Skrini ya kupokea mzigo ilisoma ghafi, ikatoa uzito wa kreti, ikaandika jibu kwenye UzitoHalisi. Sawa kabisa. Skrini ya pili, ya kusahihisha, iliandikwa wiki tatu baadaye. Karani akigundua amehesabu kreti vibaya, anaingiza idadi mpya, na skrini inapiga hesabu upya. Ila ilianzia mahali pasipo pake: badala ya kuchukua ghafi, ilichukua UzitoHalisi, ambao ulikwisha kutolewa kreti, ikatoa tena. Mzigo wa mzee ulihesabiwa kreti 13 mara ya kwanza: 308 kutoa 26, ikabaki 282. Karani akaona kosa lake, akasahihisha kuwa 14, kama karani mwaminifu anavyotakiwa: 282 kutoa 28, ikabaki 254. Walioumia ni wale tu ambao karani aliwahangaikia. Wengine wote risiti zao zilikuwa sawa, ndiyo maana tulipoijaribu programu ofisini hatukuona kitu.

Hapo propati ilimlinda nani? Seta ya UzitoHalisi ilipokea 282, ikapokea 254, ingepokea na hasi 40, bila kuuliza neno. Ukipita maeneo mapya ya mji wetu, kule viwanja vinakoanza kujengwa, utaona mara nyingine geti zuri la chuma limesimamishwa, lina rangi na maua, na kushoto kwake hakuna ukuta, kulia hakuna ukuta. Mbuzi wanapita pembeni. Propati yenye seta ya wazi isiyokagua kitu ndiyo geti lile.

Najua nitakayojibiwa, kwa sababu nimelijibu hivyo mwenyewe kwa miaka. Watasema: weka propati leo hata kama haina kazi, kesho ukitaka kuongeza ukaguzi utaongeza ndani, na msimbo wa wengine unaoiita klasi yako hautajua. Hoja hii ni ya kweli na ina historia yake. Bertrand Meyer, aliyeibuni lugha ya Eiffel, aliiweka kama kanuni katika kitabu chake cha 1988: anayetumia klasi asilazimike kujua kama thamani anayoisoma imehifadhiwa au imekokotolewa papo hapo. Mbunifu wa lugha za programu Anders Hejlsberg aliiweka propati ndani ya Delphi, zana ya kuandikia programu iliyotoka 1995, akaibeba mpaka lugha ya C# (ndiyo tuliyoitumia sisi) alipoibuni kule Microsoft, na toleo la kwanza la C# likatoka 2002 likiwa na propati kama sehemu ya lugha yenyewe. Lugha ya Java ilikataa njia hiyo. Yenyewe ilikuja na desturi ya JavaBeans ya kuandika metodi (vipande vya msimbo vyenye jina, vinavyoitwa vifanye kazi fulani) mbilimbili zenye majina yanayoanza kwa get na set, na zana za uandishi zikajifunza kuzitema zenyewe kwa kubonyeza kitufe. Nadhani hapo ndipo tabia ilipoharibika. Kitu ambacho kompyuta inaweza kukuandikia bila wewe kufikiri, hukifikirii.

C# nayo ikafuata kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2007, toleo la 3 lilileta propati za mkato: unaandika jina na maneno mawili, get na set, na kompaila, ile programu inayoukusanya msimbo kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha, inakutengenezea fildi iliyojificha. Ni jambo zuri, limetuokolea mistari mingi. Lakini limefanya propati iliyo wazi iwe rahisi kuandika kuliko fildi iliyofungwa vizuri, na mwanadamu ni maji, hufuata mteremko.

Na ile hoja ya "kesho utaongeza ukaguzi" ina sehemu moja tunayoikariri bila kuipima. Katika C#, fildi ya wazi ukiigeuza kuwa propati, msimbo unaoitumia kwa kawaida hubaki vilevile ukiusoma, lakini kilichokusanywa hubadilika, kwa hiyo kila programu iliyokwisha kukusanywa ikitegemea maktaba yako ya msimbo lazima ikusanywe upya. Kwa mtu anayetoa maktaba inayotumiwa na maelfu ya watu asiowajua, hilo ni janga. Kwetu sisi wenye programu moja, tableti sita na kompyuta moja ya mhasibu, kila kitu kinakusanywa pamoja siku moja. Sababu hiyo si yetu. Wenzetu wa lugha ya Python hawana hata mjadala: unaanza na sifa ya kawaida iliyo wazi, na siku ukihitaji ukaguzi unaigeuza kuwa propati, jambo ambalo lugha imeliruhusu tangu toleo la 2.2 la mwaka 2001, na hakuna msimbo unaoiita klasi yako utakaohisi. Kwao faragha yenyewe ni alama ya mstari mdogo mbele ya jina, maana yake: ndugu, tafadhali usiguse.

Sisemi basi turudi kwenye fildi za wazi. Katika C# bado ninaweka propati kwa kila kinachoonekana nje, kwa sababu gharama yake ni sawa na bure: geta nyepesi isiyofanya kitu zaidi ya kurudisha fildi, mashine huimeza ndani ya msimbo unaoiita, na kasi ni ileile. Tena kuna zana zinazozitambua propati tu. Mara moja nimewahi kukaa asubuhi nzima nikitafuta kwa nini seva inapokea mabano mawili matupu badala ya taarifa za mkulima. Klasi ya kusafirishia taarifa ilikuwa na fildi za wazi, na System.Text.Json, zana ya kugeuza objekti kuwa maandishi ya kutumwa, kwa kawaida yake haizitazami fildi mpaka uiambie. Asubuhi nzima, kwa ajili ya neno get.

Ninachosema ni kwamba kuchagua kati ya fildi na propati ni hatua ya pili. Ya kwanza ni kujua thamani hii ni ya nani na hesabu yake ni ya nani. Mwanasayansi wa kompyuta David Parnas aliliona hili mwaka 1972, kabla wengi wetu hatujazaliwa, katika makala yake kuhusu namna ya kuigawa programu katika moduli, yaani sehemu zake. Alitaka kila moduli ifiche uamuzi ambao huenda ukabadilika. Si kuficha data kwa sababu data ina aibu. Kuficha uamuzi. Katika Mzigo wetu uamuzi ulikuwa: uzito halisi unapatikanaje? Na uamuzi huo ulikuwa umetapakaa kwenye skrini, wakati klasi yenyewe imekaa kama ghala lisilo na mlinzi, inapokea chochote inacholetewa.

Nilipoiandika upya, kiini chake kikawa hiki:

    private decimal uzitoGhafi;
    private int idadiKreti;
    public decimal UzitoHalisi => uzitoGhafi - idadiKreti * UzitoWaKretiTupu;

Fildi mbili zimefungwa. Propati moja inasomeka na haiandikiki, kwa kuwa hakuna mahali pa kuiandika. Jibu linakokotolewa kila linapoulizwa. Skrini ya kusahihisha ikanyang'anywa hesabu. Sasa inaita metodi, SahihishaKreti, na inatakiwa kutaja idadi mpya, jina la karani na sababu. Idadi ikiwa sifuri au kreti zikizidi uzito wa mzigo, metodi inakataa. Bahati nzuri ghafi zote zilikuwa zimehifadhiwa, tukazipitisha upya, na mizigo yote iliyowahi kusahihishwa ikapata kilo zake.

Mnaona seta imekwenda wapi? Haipo. Ndiyo hoja yangu yote kwa kweli. Ugomvi wetu wa fildi na propati unatusahaulisha kwamba kusoma na kuandika si mapacha. Kuruhusu watu wasome ni jambo la kawaida, mara nyingi halina madhara. Kuruhusu watu waandike ni kugawa madaraka ya mwenye nyumba. Mtu wa nje anapotaka kubadili kitu, mara nyingi kabisa ana jambo analolifanya lenye jina katika kazi yake: kupokea, kusahihisha, kukataa, kulipa. Mpe metodi yenye jina hilo. Makarani wetu hawajawahi kusema "ninaweka IdadiKreti kuwa 14". Wanasema wanasahihisha.

Na nisije nikaonekana nimeshinda, maana karibu nirudie kosa kwa sura nyingine. Msimu uliofuata chama kikaleta kreti mpya nyepesi, kilo moja na nusu. Mimi nikafurahi: uamuzi uko mahali pamoja, nabadili namba moja, naenda nyumbani. Kidole kilikuwa kwenye kitufe nikakumbuka kauntabuku. UzitoHalisi unakokotolewa kila unapoulizwa. Nikibadili uzito wa kreti leo, mzigo wa mzee wa msimu uliopita, uliokwisha kulipwa kwa kilo 280, utaanza kusema 287. Risiti za zamani zote zingezeeka vibaya kwa usiku mmoja. Kwa hiyo uzito wa kreti tupu ukageuka kutoka namba moja ya programu nzima kuwa fildi praiveti ya tatu, inayoandikwa mara moja tu mzigo unapopimwa. Propati inayokokotoa ni nzuri pale ambapo viungo vyake vyote ni vya objekti hiyo na vya siku hiyo. Kiungo kimoja kikitoka nje, historia inatikisika. Kilichonipa moyo ni kwamba badiliko lote lilifanyika ndani ya klasi, na hakuna skrini iliyojua.

Tuingie ndani ya nyumba sasa, kwa sababu kuna swali dogo zaidi ambalo watu makini wanagombania: ndani ya klasi yenyewe, msimbo wangu utumie fildi moja kwa moja, au nao upitie propati? Na je, kuna maana ya propati iliyo praiveti?

Nyumba ya tembe ya Mgogo, ile ya paa bapa la udongo, imejengwa kuzunguka ua, na mifugo inalala humo katikati. Mgeni anaishia mlangoni mpaka akaribishwe. Mtoto wa nyumba akitoka jikoni kwenda zizini hapigi hodi. Mimi nafuata hivyo: ndani ya klasi natumia fildi, bila sherehe. Propati praiveti yenye get na set tupu ni hodi ya mtu anayeingia chumbani kwake. Haiharibu kitu, lakini msomaji anasimama kujiuliza kuna nini.

Ila kuna nyakati mtoto wa nyumba naye apige hodi. Thamani ikiwa ni ya kukokotolewa, propati praiveti inaupa ukokotoaji jina. Thamani ikiwa ya kuletwa pale tu inapohitajika, kama orodha ya bei inayosomwa mara ya kwanza kisha ikahifadhiwa, kupitia propati kunazuia mtu kuishika fildi kabla haijajazwa. Na klasi ikishakuwa kubwa, mistari mia saba, watu watatu wameigusa, hapo hata wa ndani hawajuani. Unaandika ukaguzi mzuri ndani ya seta, halafu metodi iliyo mistari mia tatu chini inaiandikia fildi moja kwa moja na kuupita ukaguzi. Kwa miaka mingi C# haikuwa na dawa ya hili. Ukitaka ukaguzi, fildi ya nyuma ilibidi uitangaze mwenyewe, na ukishaitangaza klasi nzima inaiona. Toleo la 14, lililotoka Novemba 2025, limeleta neno field, unaloliandika ndani ya propati kumaanisha ile fildi iliyojificha, na hakuna mwingine anayeweza kuifikia, hata ndugu wa klasi moja. Mimi nililisubiri neno hilo kama watu walivyosubiri treni ya umeme. Jambo hili si la C# peke yake. Lugha ya PHP nayo katika toleo la 8.4, Novemba 2024, iliongeza namna ya kuambatisha msimbo kwenye propati zake, na njia ya kufanya kitu kisomeke na wote kisiandikwe ila na wenyewe. JavaScript tangu toleo la mwaka 2022 ina fildi zinazoanza kwa alama ya reli (#), na hizo zimefungwa kweli, tofauti na praiveti ya TypeScript (lugha inayogeuzwa kuwa JavaScript), ambayo ikishakusanywa huyeyuka.

Neno praiveti lenyewe lina undugu ambao watu hawautarajii. Katika C# na Java faragha ni ya klasi, si ya objekti. Mzigo mmoja unaweza kusoma fildi praiveti za mzigo mwingine, kwa kuwa wote ni wa klasi moja, kama watu wa ukoo mmoja wanaoingiliana majikoni. Lugha ya Smalltalk ilikuwa kali zaidi: vyombo vya objekti ni vya objekti hiyo, mwingine atume ujumbe aombe. Na kwa lugha nyingi praiveti si kufuli la benki. Mwenye nia atapenya kwa njia za lugha yenyewe. Inazuia bahati mbaya, haizuii mwizi.

Mambo mawili ya haraka kabla sijasahau. La kwanza, propati isiyo na seta bado inaweza kuvuja. Tuliwahi kuwa na klasi ya Mkulima yenye propati Mizigo, ya kusoma tu, inayorudisha orodha. Hakuna aliyeweza kuibadili orodha kwa nyingine, lakini aliyeipokea aliweza kuifuta yote iliyomo, kwa sababu alikabidhiwa orodha yenyewe. Rudisha inayosomeka tu, au nakala. La pili, kitu kikionekana kama fildi, kijibu haraka kama fildi. Propati Salio iliyokuwa ikienda kimyakimya kwenye hifadhidata, ikaitwa ndani ya kitanzi, msimbo unaojirudia, cha wakulima mia mbili, kwenye tableti yenye mtandao wa kijijini, iliwafanya makarani wazime na kuwasha mashine wakidhani imekufa. Kazi nzito iwe metodi.

Na kuna mahali ambapo nakubali get na set tupu bila kinyongo: klasi za kusafirishia. Taarifa zinapotoka kwenye tableti kwenda kwenye seva zinahitaji chombo cha kubebea, kisicho na sheria wala akili. Huko fungua tu. Ukitaka ziwe safi zaidi, tumia init badala ya set, iliyokuja na C# 9 mwaka 2020, inayoruhusu kuandika wakati objekti inazaliwa na kufunga baada ya hapo. Wenzetu wa Java wana rekodi tangu toleo la 16 la mwaka 2021. Kosa ni kukichukua chombo hicho cha kubebea na kukifanya ndicho klasi ya kazi, kwa sababu tayari kina majina yote. Sisi tulifanya hivyohivyo. Mzigo wetu wa kwanza ulizaliwa ukiwa wa hifadhidata, propati zake zikiwa nguzo za jedwali moja kwa moja, na kijana alipoulizwa kwa nini seta ziko wazi alisema hifadhidata inazihitaji. Haizihitaji. EF Core, zana inayounganisha klasi za C# na hifadhidata, ukiielekeza inajaza fildi ya nyuma bila kupita kwenye seta. Lakini simlaumu, mimi mwenyewe nilijua na sikusema.

Siku hizi nikikagua msimbo wa mtu natafuta kwanza neno set, na kwa kila moja namwuliza nani anahitaji kuandika hapa na anakuwa anafanya nini. Mara tisa kati ya kumi ananyamaza kidogo, kisha anataja kitenzi, na kitenzi hicho kinakuwa jina la metodi. Katika Mzigo na Mkulima tulifuta seta zote za wazi isipokuwa mbili. Moja ilikuwa namba ya simu, nikidhani ni taarifa tu. Mhasibu ndiye aliyenishtua: malipo yanakwenda kwenye namba hiyo. Nayo ikawa metodi, na mwenyekiti wa chama anathibitisha.

Imebaki moja, Maelezo, maandishi huru ya karani. Haina ukaguzi, haina kikomo, andika upendavyo. Juzi nilipokuwa nikipitia mizigo ya msimu ule wa kwanza nikaufungua ule wa kreti 14. Uzito halisi, 280. Chini yake, kwenye Maelezo, karani alikuwa ameandika: "Amesahihishiwa. Amekataa chai."